Kiwanda ni chetu, lakini soko ni la nani?

Vijana wetu wanapenda kubishana juu ya pikipiki: gani inakimbia, gani haichoki. Sisi watu wa sendika tunauliza lingine: ni mikono ya nani iliifanya, na faida ilienda kwa nani? Tuangalie Triumph ya Uingereza.

Kompanyi hii ilianzishwa na Siegfried Bettmann, mutu wa kutoka Ujerumani. Walianza na kinga, ndipo mwaka 1902 wakatoa pikipiki ya kwanza kule Coventry. Mwaka 1940 mabomu ya Wajerumani yakabomoa kiwanda, wakajenga kingine Meriden, karibu na pale. Ndiko ilitoka Bonneville, mwaka 1959. Katika mbio, Triumph ikashinda Daytona 200 kule Marekani mwaka 1966 na tena 1967. Mwaka 1969, kwenye kisiwa cha Man, Malcolm Uphill akazunguka kwa mwendo wa zaidi ya maili 100 kwa saa, na pikipiki ya aina ile inayouzwa dukani. Hakuna aliyefanya vile mbele yake. Kisha Triumph moja waliyoiita Slippery Sam ikashinda pale miaka mitano mfululizo, 1971 mpaka 1975.

Sasa musikilize vizuri. Septemba 1973, katikati ya ushindi huo, wakubwa wakatangaza: Meriden inafungwa. Vikombe haviko mushahara! Lakini wafanyakazi hawakurudi nyumbani kulia. Walikalia kiwanda, wakafunga milango, pikipiki na mashini zisitoke. Walikesha pale zaidi ya mwaka. Serikali mupya ikaingia, waziri Tony Benn akawasikiliza, na mwaka 1975 wakapata koperative yao: mukopo wa pauni milioni 4,2 na musaada wa pauni 750.000. Mwanzoni wote walilipwa mushahara sawasawa.

Wengine wanatuambia: munaona, ilikufa mwaka 1983, wafanyakazi hawajue kuongoza. Hapana. Ni kweli, deni lilikuwa zito na Wajapani walikuwa mbele. Lakini kuko jambo ambalo hawasemi: koperative ilipewa kiwanda, haikupewa soko. Kuuza kulibaki mikononi mwa kompanyi ileile iliyotaka kuwafunga, mpaka mwaka 1977 walipoinunua haki hiyo. Mutu anayetengeneza bila kuuza, bei anaambiwa tu.

Hapa kwetu Katanga tunaijua hali hiyo. Wachimbaji wako na koperative, wako na karata, wako na shimo. Lakini mizani ni ya munegosia, kipimo cha madini ni chake, na bei anaitaja yeye. Mutu anashuka chini usiku kucha, asubuhi anaambiwa gunia lake haliko na kitu.

Kwa hiyo, tukidai koperative, tusidai shimo peke yake. Tudai mizani ya watu wote, kipimo ambacho mutu wetu anaona kwa macho yake, na haki ya kuchagua wa kumuuzia. Jina la Triumph linaishi mupaka leo, liko na kiwanda kingine Hinckley na bwana mwingine. Wale waliokesha mulangoni Meriden walibaki na kumbukumbu. Sisi tusibaki na vumbi tu.