Tiketi ni yako, lakini utaonyesha namna gani?

Mwezi huu katika ukurasa wa familia tuongee juu ya karatasi ndogo inayoweza kuvunja ujirani: tiketi ya tombola.

Hapa kwetu Nyamugari baba wawili, majirani, walichanga franka wakanunua tiketi moja. Mmoja akaiweka mfukoni. Siku ya kuvuta, namba yao ikatoka. Si pesa nyingi, lakini mbuzi mmoja angepatikana. Aliyeshika tiketi akasema: «Mimi ndiye niliyenunua, wewe ulinikopesha tu.» Basi, hata wake zao wakaacha kusalimiana pale bombani. Wazee walikaa mara mbili, hakuna aliyekuwa na ushahidi. Kumbe binti wa nyumba moja alikuwa ameandika nyuma ya daftari lake la shule: namba ya tiketi, tarehe, majina ya baba wawili, na kila mmoja ametoa ngapi. Daftari lilipofunguliwa, maneno yakaisha. Waligawana.

Tunajifunza nini? Tiketi isiyoandikwa jina ni kama noti ya pesa: mara nyingi anayeishika ndiye anayelipwa. Ikianguka njiani, aliyeiokota anaweza kusema ni yake. Ndiyo sababu, ukinunua tiketi, iwe ya LONA au nyingine, fanya hivi:

1. Andika jina lako na sahihi nyuma yake kwa biki, siku ileile. Usifunike namba.

2. Andika mahali pengine namba ya tiketi, tarehe, saa na duka uliponunua. Mwenye telefone apige picha mbele na nyuma. Picha hiyo usimtumie mtu.

3. Iweke pakavu ndani ya sasheti, mbali na jiko. Tiketi nyingi zinazotoka kwenye mashine ni za karatasi inayogeuka nyeusi kwa joto. Basi usiipeleke kuzibwa na plastiki ya moto kama tunavyofanya kwa vitambulisho. Na mama, kabla ya kufua suruali, pekua mifuko!

4. Mkichanga wengi, andikeni majina na kiasi cha kila mmoja KABLA ya siku ya kuvuta, kila mtu abaki na kopi. Baada ya kushinda, kumbukumbu za watu hubadilika.

5. Soma namba wewe mwenyewe kwanza. Usimpe muuzaji tiketi na kungojea akuambie.

Hili la tano si utani. Kule Ontario, Kanada, mzee mmoja alikuwa akicheza namba zilezile kila mara. Mwaka 2001 alipeleka tiketi zake dukani wamwangalilie. Walimwambia amepata tiketi ya bure tu. Kumbe ilikuwa imeshinda dola 250,000, na wenye duka wakaenda kuzichukua. Mzee alipigania haki yake hadi mwaka 2005. Kilichomsaidia ni zile namba zake za siku zote. Mwaka 2007 mkaguzi wa malalamiko ya wananchi alitoa ripoti kali juu ya shirika la bahati nasibu la huko, na wanunuzi wakahimizwa kutia sahihi kwenye tiketi kabla ya kuipeleka kukaguliwa.

Sasa tuje kwenye tombola inayogusa familia nyingi zaidi: bahati nasibu ya viza ya Marekani, ile watu wanayoita «green card». Tangu mwaka 2003 maombi yake yalikuwa yanafanywa kwa kompyuta tu. Hapo tiketi ni ile namba ya uthibitisho inayotokea mwishoni. Bila namba hiyo huwezi kuangalia jibu lako.

Na hapo ndipo vijana wetu wameumizwa. Kijana anakwenda mjini, anamlipa mtu amjazie fomu. Yule anaweka anwani yake mwenyewe ya barua pepe, anabaki na karatasi ya namba. Jina likitoka, anasema: «Leta pesa kwanza,» au «Kubali kumwandika huyu dada kuwa mke wako.» Namba iliyopotea iliweza kutafutwa tena kwenye tovuti, lakini kwa kutumia barua pepe iliyoandikwa kwenye fomu. Ikiwa ni ya yule bwana, ufunguo wa nyumba yako uko mfukoni mwake. Na kumwandika mke wa uongo ni kosa linaloweza kukufungia mlango wa Marekani kabisa.

Tena jueni: Desemba 2025 Marekani ilitangaza kusimamisha mpango huo. Mtu akija leo na kusema «toa pesa nikuandikishe», muulize kwanza umefunguliwa lini. Siku ukifunguliwa, tumia barua pepe yako, ondoka na karatasi yako, andikisha mke au mume na watoto wote, na usijiandikishe mara mbili, maana utafutwa. Tena, jina likitoka si viza bado. Na ile ya kupelekwa nchi ya tatu kupitia HCR si tombola na haiuzwi. Anayekuomba pesa kwa hiyo ni mwizi.

Mwisho, ukipata ujumbe kwenye telefone ati umeshinda tombola ambayo hukucheza, futa. Hakuna anayevuna shamba ambalo hakulima.

Jioni ya leo, baba na mama, kaeni na watoto, toeni karatasi zote za nyumba: kadi ya chakula, vyeti vya kuzaliwa, namba zote muhimu. Mtoto anayejua kuandika aziandike katika daftari moja. Mali bila ushahidi huzaa ugomvi.

Tuonane mwezi ujao. Mkae kwa amani.