Kidonge cha kukesha kinapogusa kumbukumbu ya maneno

Biashara ya mpakani huendeshwa kwa mdomo. Pale Namanga, Busia au Tunduma, bei hutajwa mara moja, idadi ya magunia hutajwa mara moja, na aliyesikia hutakiwa akumbuke. Ndiyo maana utafiti wa Uholanzi kuhusu kidonge cha ekstasi unawahusu wafanyabiashara, hata wale ambao hawajawahi kukiona.

Ekstasi, yaani MDMA, ni dawa ya kulevya ya jamii ya amfetamini. Humchangamsha mtumiaji, humfukuzia usingizi na huweza kubadili namna anavyoona na kusikia.

Mwaka 2007, watafiti wa Amsterdam walichapisha matokeo ya kuwafuatilia vijana 188 ambao mwanzoni hawakuwa wameionja. Waliporudi kuwapima, 58 walikuwa wameanza, kwa wastani wa vidonge vitatu hivi kila mmoja. Walilinganishwa na wenzao 60 ambao hawakuigusa. Katika jaribio la kukariri orodha ya maneno na kuyataja baadaye, walioanza kuitumia walipiga hatua ndogo kuliko wenzao.

Watafiti hawakutia chumvi: alama za waliotumia zilibaki ndani ya kiwango cha kawaida. Lakini vidonge vitatu ni vichache, na tofauti ilionekana.

Dereva aliyekesha kwenye foleni ya forodha si mlevi. Anatafuta tu kufika sokoni kabla nyanya hazijaoza. Akipewa kidonge cha kufukuza usingizi, hajui kina nini ndani. Kumtisha kwa maneno makali hakumsaidii. Anahitaji kuelezwa ukweli kama ulivyo, na anahitaji foleni fupi na mahali salama pa kulala.

Sheria za majirani nazo huwachanganya watu. Miraa ni zao la biashara Kenya, ilhali Tanzania kukutwa na mirungi ni kosa la jinai. Kwa ekstasi hakuna utata huo: imo katika orodha kali zaidi ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971. Vyama vya wafanyabiashara na vya madereva viwaeleze wanachama wao hayo kabla polisi hawajawaeleza.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa wengi mpakani, daftari ni kichwa chenyewe.