Mpangaji na miiko ya Mwalimu

Kila Oktoba 14 redio zetu zinamkumbuka Mwalimu Nyerere kwa hotuba za umoja na amani, na ni haki yake. Fikra yake inayonigusa zaidi mimi, mpangaji wa Dar es Salaam, husikika kwa nadra siku hiyo. Nazungumzia miiko ya uongozi, ile sehemu ya Azimio la Arusha ambayo Halmashauri Kuu ya TANU iliipitisha mwishoni mwa Januari 1967.

Masharti yalikuwa machache na makali. Kiongozi awe mkulima au mfanyakazi. Asimiliki hisa, asiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi, asile mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mke au mume wake naye alibanwa, na watumishi wa Serikali wa ngazi ya kati vilevile.

Baba yangu alikuwa mtumishi wa ngazi hiyo huko Tabora, na alikuwa na nyumba ya vyumba sita, vinne vikiwa na wapangaji. Akauza. Mama hakufurahi hata kidogo, maana kodi ya vyumba vile ndiyo iliyotuletea sukari na sare za shule. Wengine waligoma kabisa. Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza TANU kina mama wengi kabla ya uhuru, hakuyakubali masharti hayo, akajitoa katika uongozi mwaka huohuo wa 1967. Namwelewa. Kwa mwanamke asiye na pensheni, nyumba ndiyo akiba ya uzeeni, na Azimio halikumpa mbadala.

Hata hivyo naamini Mwalimu aliona mbali. Alijua kwamba mtu hutunga sheria akiangalia riziki yake inatoka wapi, hata kama ni mwadilifu na mcha Mungu. Waziri anayeishi kwa mshahara peke yake atauona mshahara wa karani. Waziri mwenye nyumba kumi za kupangisha atamwona mwenye nyumba mwenzake.

Mwaka 1991, katika kikao cha Zanzibar, CCM, chama kilichorithi TANU, kikailegeza miiko hiyo. Mwalimu hakunyamaza: Mei Mosi 1995, kule Mbeya, alilisema jambo hilo mbele ya wafanyakazi. Mwaka huo tukapata Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayomtaka kiongozi atoe tamko la mali na madeni yake. Kutamka ni kuzuri, lakini tamko halimlazimishi kuchagua kati ya cheo na mali. Anajaza fomu, anairudisha, kesho yake anaingia kikaoni kuamua mambo yanayougusa mfuko wake.

Matokeo tunayaona kwenye kodi ya pango. Mwalimu wa shule au muuguzi anayehamia Dar es Salaam anadaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, pengine ya mwaka mzima, kabla hajakabidhiwa ufunguo, pamoja na malipo ya dalali juu. Mshahara wake hulipwa kwa mwezi. Anakopa, na mkopo unamfuata mpaka siku ya kulipa kodi nyingine.

Sidai viongozi wa leo wauze nyumba kama alivyouza baba. Nadai jambo dogo: suala la kodi ya pango likifika bungeni au barazani, mbunge au diwani mwenye nyumba za kupangisha aseme hadharani anazo ngapi na ziko wapi, kisha akae nje mpaka kura ipigwe.