Jina la Mlangoni Halitoshi

Waswahili husema mcheza kwao hutuzwa. Msemo huo umetimia katika mji mdogo wa Bad Ischl, ulioko milimani nchini Austria. Mji huo ulipata sifa katika karne ya kumi na tisa kwa maji yake ya chumvi, ambayo wagonjwa waliyaoga ili wapate nafuu. Mwaka 1827 ukajengwa ukumbi wa tamthilia. Leo ukumbi huo huitwa Lehár Theater, kwa heshima ya Franz Lehár, mtunzi wa muziki aliyenunua nyumba mjini humo mwaka 1912 na kufariki huko mwaka 1948.

Heshima hiyo hatuipingi. Opereta yake ya Die lustige Witwe, iliyochezwa mara ya kwanza mjini Vienna mwaka 1905, ilienea duniani kote. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Maneno ya Das Land des Lächelns, kazi yake nyingine mashuhuri ya mwaka 1929, yaliandikwa na Ludwig Herzer na Fritz Löhner-Beda.

Löhner-Beda alikuwa Myahudi. Wanazi walipoitwaa Austria mwaka 1938, walimkamata wakampeleka Dachau, kisha Buchenwald. Aliuawa Auschwitz mwaka 1942. Lehár naye, ambaye muziki wake ulimpendeza mno Hitler, alitunukiwa nishani ya Goethe mwaka 1940. Wimbo ulikuwa mmoja. Mwenye sauti akavishwa nishani, mwenye maneno akatiwa kaburini.

Wapo watakaosema kwamba ukumbi ni wa burudani, na siasa zikae nje. Hoja hiyo haina mashiko. Wimbo ukiondolewa maneno hubaki mluzi tu. Vipi basi tuuimbe na tumsahau aliyeyatunga?

Hatusemi jina la Lehár lifutwe. Twasema jina la mwenziwe litajwe pamoja nalo, kila pazia linapofunguliwa. Nanyi walimu wa fasihi na historia, mnapowapitisha wanafunzi mbele ya jengo lenye jina la mtu mashuhuri, msiishie kuwauliza huyo ni nani. Waulizeni pia: alifanya kazi na nani, na huyo mwenziwe aliishia wapi? Swali hilo la pili ndilo mwanzo wa elimu.