Wa Kufungia Mwaka

Na Baba Neema

Tarehe 27 Desemba mchana nilimkuta kijana wetu ameketi juu ya gogo nyuma ya banda la ng'ombe, kichwa kimeinamia simu, kidole gumba kinapandisha na kushusha. Moyo ulinishuka. Siku mbili tu zilikuwa zimepita tangu asimame mbele ya ukoo mzima, watu wasiopungua arobaini, akatangaza kwamba yeye na kubeti basi. Nikamuuliza anafanya nini. Hakuficha.

"Nasuka mkeka, baba mdogo. Huu wa kufungia mwaka."

Mechi kumi na mbili. Ligi Kuu ya Uingereza haina likizo kipindi hiki, na yeye naye hakuwa na likizo.

Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo bado ninapoandika haya. Kilichonichoma zaidi ni lile neno. Wiki hii nimelisikia kila kona: anayeacha pombe Januari ananunua kreti la kufungia mwaka, anayetaka kuanza kuweka akiba anakopa za kufungia mwaka, na yule aliyeapa kurudi kwa mkewe ana safari moja ya mwisho, nayo ni ya kufungia mwaka. Naomba niliseme wazi kabla sijaendelea: ahadi inayoanza tarehe moja Januari, ikitolewa siku ya Krismasi, ni ruhusa ya siku sita. Mtu anajiandikia ruhusa mwenyewe, familia inaigongea muhuri, kisha anaitumia yote mpaka saa ya mwisho.

Tuko nyumbani kwa Mama, hapa Marangu. Kijana ninayemsema ni mtoto wa kaka yangu mkubwa, ana miaka 29, anaendesha bodaboda Dar es Salaam kwa mkataba. Kila siku anapeleka hesabu kwa mwenye pikipiki, na mkataba ukiisha pikipiki inakuwa yake. Huo wa kwake ulipaswa kuisha Agosti. Haujaisha, na kilichoumeza kila mtu kwenye familia anakijua. Yeye na mkewe wameniruhusu niandike haya. Majina nimeyaacha.

Siku ya Krismasi tulikuwa tumekwisha kula. Mtori ulikuwa umepita, kisusio kimepita, nyama inamaliziwa, watu wamekaa chini ya migomba. Kijana akasimama na kata ya mbege mkononi, akaomba utulivu. Aliongea vizuri, sikatai. Alisema amewaumiza wazazi wake, amemuumiza mke wake, na kuanzia tarehe moja Januari hataweka hata mia kwenye mechi. Shangazi mmoja akapiga vigelegele. Kaka yangu akasimama, akamkumbatia mwanawe mbele ya watu. Makofi yakapigwa hadi majirani wa kihamba cha pili wakachungulia.

Na hapo ndipo tulipomharibia. Yale makofi yalikuwa ujira, na tulimlipa kabla hajashika jembe. Alikaa chini akiwa mtu aliyekwisha kubadilika. Alipongezwa, alimiminiwa kata nyingine, na jioni hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza: kesho asubuhi unafanya nini? Mimi pia sikumuuliza. Nilipiga makofi pamoja na wengine.

Mama hakupiga. Nilimwona, ameketi kimya, mikono mapajani. Baadaye nilifikiri nikaelewa kwa nini. Ile mbege aliyoishika mjukuu wake wakati anaahidi, Mama alikuwa ameianza zaidi ya wiki moja nyuma. Ndizi zilikatwa, zikavundikwa mpaka zikaiva, zikachemshwa kwa saa nyingi hadi zikageuka rangi, zikaachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi nao ulilowekwa, ukaota, ukaanikwa, ukasagwa, ukapikwa na kutiwa magome ya msesewe yale yanayoleta uchungu. Ndipo viwili hivyo vikakutanishwa. Katika mlima huu hakuna mama anayetangaza tarehe 24 jioni kwamba kesho kutakuwa na mbege ilhali hajavundika hata chane moja. Watu wangemshangaa. Lakini mtu akisema ataacha uraibu wa miaka minne usiku mmoja, kati ya saa sita kasoro dakika moja na saa sita kamili, tunampigia vigelegele.

Wamarekani wawili, James Prochaska na Carlo DiClemente, waliwafuatilia watu waliokuwa wakiacha sigara, na mwaka 1983 wakachapisha waliyoyaona: kuacha ni safari yenye hatua. Baadaye moja ya hatua hizo ikapewa jina la maandalizi, yaani ule muda ambao mtu amekwisha kukusudia kuanza ndani ya mwezi mmoja na ameshashika kazi ndogondogo za kujiweka tayari. Kwa mtu wa tarehe moja Januari, mwezi huo ni Desemba. Mama hajawasoma hao, lakini anaivundika ndizi yake kwa wakati.

Na tarehe moja Januari yenyewe ina nini? Serikali yetu inafungua mwaka wake wa fedha tarehe 1 Julai. Waethiopia wanauanza wao Septemba. Muharram unapishana na kalenda ya ukutani kwa siku kama kumi na moja kila mwaka, na Waislamu wanaingia nao mwaka mpya bila kuingoja Januari. Makunduchi, kule Unguja, wanaukoga mwaka mwezi wa Julai, na katika sherehe hiyo wanaume hupigana kwa mashina ya migomba ili vinyongo vya mwaka mzima viishie pale uwanjani. Huko ndiko kufunga mwaka ninakokujua mimi. Mwenye duka akifunga mwaka anahesabu mali rafu kwa rafu, anaandika kilichooza na anayemdai. Akina mama wa vikoba Desemba hii wamevunja vikoba vyao, wamekaa na daftari, wamesomeana hisa na mikopo kwa sauti, wakagawana. Kufunga mwaka ni kuhesabu. Sisi tumelichukua neno la watu makini tukaligeuza kuwa moja la mwisho kabla ya kuacha.

Kwa bodaboda Januari ni mwezi mbaya kuliko yote kuanza jambo gumu mikono mitupu. Abiria wanatembea kwa miguu kwa sababu hela iliishia kwenye sikukuu. Sare zinadaiwa, madaftari, kodi ya chumba, na mwenye pikipiki hapunguzi hesabu kwa kuwa ni Januari. Ndipo mtu aketi kijiweni akiwa na elfu mbili mfukoni na simu mkononi, na ile elfu mbili inamnong'oneza kwamba inaweza kuwa laki. Unamtegemea ashinde kwa silaha gani? Kwa hotuba ya Krismasi?

Mkeka wake wa tarehe 27 ulichanika kwenye mechi ya tisa. Sikufurahi wala sikumcheka. Jioni ya 28 nilimwita tukakaa kwenye ngazi za nyumba ya marehemu baba, nikamuuliza lile ambalo tulipaswa kumuuliza wote siku tatu nyuma: unabeti saa ngapi?

Akashangaa. Miaka minne anabeti, hakuwahi kujiuliza. Akafikiri, akasema asubuhi hapana, abiria ni wengi. Usiku hapana, anakuwa amechoka. "Saa nane, baba mdogo. Saa nane mpaka saa kumi. Kijiwe kinakauka, tunakaa, mtu mmoja anafungua simu, wote tunafungua."

Kumbe mwaka wote unaolaumiwa ulikuwa na saa mbili za hatari. Saa mbili mtu anaweza kuzipangia kazi. Nikamuuliza kama kuna abiria yeyote wa muda huo. Akakaa kimya, kisha akasema yupo mama mmoja wa mtaani kwao aliyemwomba tangu Juni awe anamchukulia mtoto shuleni saa nane kila siku na kumpeleka kwa bibi yake, kwa malipo ya mwezi. Alikataa kwa sababu ya mechi. Nikamwambia ampigie. Akasema shule zikifunguliwa. Nikamwambia sasa hivi, yuko likizo, yuko nyumbani, ana muda wa kukusikiliza. Akapiga palepale. Yule mama hakuwa amepata mtu. Wakaongea bei dakika tano.

Nilimwona bega likishuka. Siku tatu nzima baada ya makofi hakuwa na kitu cha kushika, na sasa alikuwa na abiria wa saa nane. Tukaendelea. Hesabu ya pikipiki ataituma kila mchana kabla ya saa sita, isilale mfukoni. Akaunti ya kubeti alipiga simu huduma kwa wateja akaomba ifungwe, na alipoulizwa sababu alisema neno moja tu, "Nimechoka." Giza lilikuwa limeingia. Nikampa kazi ya usiku: aandike kila anayemdai, jina na kiasi, asimruke hata mmoja.

Hiyo ndiyo faida ya siku hizi za kati, baina ya Krismasi na mwaka mpya, na ndiyo maana inaniuma kuona tunazimwaga. Kazi zimesimama. Watu unaowadai na wanaokudai wako nyumbani, tena wengi wako kijiji kimoja na wewe kwa mara ya kwanza tangu Desemba iliyopita. Mwenye pikipiki anapokea simu kwa sauti ya upole. Kaka uliyegombana naye analala chumba cha pili. Mwaka mzima hautapata tena wiki ambayo kila mtu unayemhitaji ili ubadilike yuko umbali wa kupiga hodi, na sisi wiki hiyo tunaitumia kuchinja na kungoja saa sita ya usiku.

Jana asubuhi, tarehe 29, nikiwa nakunywa chai, kijana alikuja na karatasi. Ilikuwa ratiba ya ibada ya Krismasi, ameandika upande wa nyuma kwa mwandiko mdogo. Majina tisa. Wenzake wa kijiweni watatu, mwenye pikipiki, mwenye nyumba, dada yake, muuza chipsi, na baba yake mzazi aliyemkumbatia mbele za watu. Nilisoma taratibu. La tisa, chini kabisa, lilikuwa la mkewe: shilingi laki nne na nusu, mgao wake wa kikoba, alizompa azitunze mpaka shule zifunguliwe.

Nikamuuliza kama mkewe anajua.

"Bado," akasema. "Nitamwambia tarehe moja, baba mdogo, tukianza mwaka."

Nikamrudishia karatasi yake. Nikamwambia leo ni tarehe 29, na mkeo yuko jikoni anamenya ndizi.