AFYA YA JAMAA: Kwa nini dawa ya kansa inaweza kugoma?



Mgonjwa anapelekwa Kigali, anatiwa dawa ya kansa kwa serumu, uvimbe unapungua. Halafu unarudi, na dawa ile ile haiuwezi tena. Hapo maneno yanaanza: eti amerogwa, eti walimtia maji tu.

Si uchawi. Mwaka 1976, watafiti Juliano na Ling kule Toronto, Kanada, walieleza protini moja iliyo kwenye ukuta wa seli sugu. Inaitwa P-glikoprotini, na inafanya kazi kama pampu: dawa ikiingia, inaitupa nje. Pampu hiyo moja inatupa dawa za aina nyingi. Kuizima ni kazi ngumu, maana hata ini, figo na matumbo yetu yanaitumia kutukinga na sumu. Tena si sababu pekee. Seli za kansa zina njia nyingine pia.

Ndiyo maana waganga wanachanganya dawa, wanapasua, ama wanatumia mionzi. Mionzi, pampu haiwezi kuitupa nje. Mashine zake zilianza kazi Kanombe, Kigali, mwaka 2019.

Na sisi je? Uvimbe ukipungua, usikatishe tiba: seli zilizobaki zitazaana. Ukiona nauli itakosekana, sema mapema kwenye kliniki ya kambi, usingoje siku ipite. Na dawa ikigoma, rudi kwa muganga aibadilishe. Mgonjwa wetu tusimwachie maneno ya watu, tumsindikize.

Tuonane mwezi ujao.