Kifungo Kiliisha, Mbona Bado Mnahesabu?

Ukiendesha gari Kenya, au hata ukipanda tu matatu, unatembea na kazi ya mikono ya mfungwa. Zile nambari za usajili zilizobandikwa mbele na nyuma hutengenezwa katika Gereza la Kamiti. Mtu anaweza kukaa pale miaka akipiga chuma cha serikali mpaka anaijua mashine kuliko aliyeileta. Siku anatoka, anaomba kazi ya kuosha hilo hilo gari, na swali la kwanza ni: uko na gudi kondakti?

Ugomvi wangu unaanzia hapo.

Mimi ni fundi wa chuma Kariobangi. Kwa miaka 6 sasa, kila Jumamosi, nakaa na vijana waliotoka ndani. Wengi ni wa miaka 19 hadi 25. Kesi zenyewe ni zile unazijua: bangi, simu ya wizi, vita kwa baa. Wametumikia miezi 8, mwaka, miaka 2. Wametoka. Kortini hesabu imefungwa. Kwetu sisi raia ndio kwanza imefunguliwa.

Kwa wale hawajawahi kuitafuta hiyo karatasi, wacha nieleze. Unalipa shilingi 1,050 kwa eCitizen, unaenda kuchukuliwa alama za vidole, unangoja. Kijana hana kazi. Hiyo pesa ameitoa mjengoni, kubeba mawe siku mbili tatu, ili anunue cheti kitakachomnyima kazi. Na siongei kuhusu kazi ya benki. Naongea kuhusu kusukuma troli supamaketi, kufagia ofisi, kupakia magunia kwa bohari.

Kijana wangu mmoja alifanya mtihani wa ufundi wa useremala akiwa gerezani, akapita. Cheti anacho, na kina muhuri wa serikali. Alipokipeleka kwa kampuni fulani ya fanicha, meneja alikisifu sana. Kisha akaitisha kile kingine. Serikali ni moja, vyeti ni viwili: kimoja kinasema huyu ni fundi, kingine kinasema huyu ni mhalifu. Meneja alichagua cha pili na hakuna mtu pale ofisini aliyeshangaa.

Sasa sikia hii. Sheria ya Magereza huwapunguzia wafungwa wengi theluthi ya kifungo wakiwa na nidhamu. Ukipewa miezi 18 na ukae vizuri, unatoka baada ya 12. Yaani nchi hii ilishakubali kwa maandishi kwamba mtu hubadilika. Sisi huku nje tunamrudishia ile miezi 6, tunaongeza riba juu, na hatumwambii inaisha lini.

Linganisha na waheshimiwa. Kifungu cha 99 cha Katiba kinamzuia kugombea ubunge mtu ambaye siku ya kujiandikisha au siku ya uchaguzi anatumikia kifungo cha miezi 6 au zaidi. Hata huyo hazuiliwi mpaka njia zote za rufaa ziishe. Akimaliza kifungo, kizuizi hicho hakimhusu tena. Kwa hivyo kijana wangu anaweza kuota kwenda Bungeni kutunga sheria, lakini kampuni ya ulinzi haitampa rungu alinde duka la viatu.

Najua utaniambia: lakini kuna vijana hawajawahi kuiba hata sindano, wako na digrii, na bado wanatarmac. Ni kweli, na inauma. Lakini sijaomba mtu yeyote aruke foleni. Naomba tu asifukuzwe kwenye foleni.

Utaniuliza pia: na yule aliyeibiwa je? Ana haki ya kukasirika, na hasira yake ndiyo ilipelekwa kortini ikapimwa, ikapewa tarehe ya kuisha. Sisemi aliyekula pesa za mwajiri awekwe kwa kaunta wiki ya kwanza. Nasema kosa lilinganishwe na kazi inayoombwa, na miaka iliyopita bila kosa lingine ihesabiwe. Aliyepatikana na msokoto wa bangi akiwa na miaka 19 anahatarisha nini akichomelea dirisha akiwa na 27? Waingereza, wale waliotujengea jela, waliandika sheria mwaka 1974 inayosema makosa mengi yakishapitisha muda uliowekwa, mtu halazimiki kuyataja anapoomba kazi za kawaida. Hapa walituachia kufuli, kwao wakatengeneza ufunguo.

Nikimaliza na waajiri, niwageukie wenzangu tunaojiita walezi wa vijana. Tumezoea ukumbi wa hoteli, chai na samosa, fulana zenye maandishi, picha ya pamoja. Anakuja mzungumzaji na gari kubwa, anawaambia vijana wajiamini. Buda, mtu aliyevumilia miaka 2 jela na akatoka na akili zake anajiamini vya kutosha. Anachokosa ni majina ya kuandika kwa ile sehemu ya CV inayoitisha marefarii watatu. Yeye anajua watatu gani? Hakimu, askari jela na mamake.

Na tukitaka mfano, tunamtaja Peter Ouko, aliyehukumiwa kifo, akasomea sheria ya Chuo Kikuu cha London akiwa Kamiti, na akatoka kwa msamaha wa rais mwaka 2016. Ni hadithi ya kweli na tujivunie. Lakini tusiifanye kuwa kiwango. Mtu asilazimike kusomea sheria ya London akiwa jela ndio aruhusiwe kubeba saruji Umoja.

Ulezi ninaoutambua ni mdogo na unachosha. Ni kuandika namba yako ya simu kwa CV ya mtu na kuishika ikipigwa. Ni kwenda naye kwa mwenye karakana na kusema: huyu nimemwona akifika saa moja asubuhi miezi 5 mfululizo, mjaribu. Ni kumlipia fare wiki ya kwanza, kabla mshahara haujaingia. Ni kubaki naye mwaka mzima, hata ile siku ameteta na bosi na anataka kuacha. Hakuna picha ya kupiga hapo.

Na wewe uliye na ofisi, hata ya watu 4, fungua ile fomu yako ya kazi. Kama ni ya kufagia, ondoa hilo swali. Kama ni ya kushika pesa, liulize mwisho, baada ya kumwona mtu na kazi yake, na umpe nafasi ya kujibu.

Kwa sababu kuna mwajiri mwingine mtaani. Huyo haitishi CV, marefarii wala gudi kondakti. Rekodi kwake ndiyo ujuzi wa kazi. Anamngoja kijana wako hapo steji jioni, siku ile ile umemwambia "tutakupigia", na yeye anaajiri leo.